Kitabu cha Kaboni na Sufuria ya Mahindi ya Manjano

Ilikuwa mwaka wa mahindi ya manjano. Walioenda shule huandika themanini na nne, lakini ukimwambia mtu wa Kitui themanini na nne atakutazama tu. Mwambie mahindi ya manjano, tumbo lake litakumbuka kabla ya kichwa. Yalikuja kwa malori, ndani ya magunia yenye maandishi ya kigeni, na yalinuka meli. Mbuzi wangu aliyanusa akaenda zake, na mbuzi huyo alikuwa amekula kamba ya kuanikia nguo. Ukiyapika isyo, hicho chakula nyinyi mnakiita githeri, yanachemka tangu asubuhi, makaa yanaisha, na punje bado inakutazama machoni bila aibu.

Shikeni hapo kwa makaa kuisha. Nitarudi.

Nyinyi wajukuu zangu mnaotandika vitabu vya mitumba pale karibu na stendi ya Kitui, mmekuwa mkinisumbua: Susu, tuandikie ulivyokuwa ukifanya. Haya. Nilianza kuuza vitabu vilivyotumika tulipokuwa tukila unga wa msaada, Uhuru bado mtoto, nikaacha wakati chipsi zilipofika kila kona ya mji. Shule yangu iliishia darasa la tatu, na sijawahi kumwomba mtu msamaha kwa hilo. Kitabu si lazima ukisome ndipo ukijue. Kuna kukijua kwa mkono.

Aliyenifundisha mkono ni Mzee Kilonzo. Alikuwa mshonaji wa vitabu kwenye kiwanda cha chapa Nairobi, akastaafu, akarudi nyumbani na sindano zake, donge la nta, na mdomo usio na breki. Siku ya kwanza nilipata sanduku la vitabu vilivyonyeshewa. Nikavitandaza juu ya bati, jua kali, nikakaa kando najisifu. Adhuhuri majalada yote yalikuwa yamejikunja kama samaki wa kukaanga. Kilonzo akapita.

"Syombua, umefungua hoteli?"

"Naanika vitabu, Mzee."

"Naona. Sasa ugali uko wapi?"

Alicheka mpaka akalazimika kukaa. Halafu akanionyesha. Kitabu kilicholowa unakisimamisha kivulini, kurasa zimefunguka kama mkia wa kanga, upepo upite katikati. Unakigeuza kila unapopita. Huna haraka. Mwenye haraka auze nyanya.

Alinifundisha kugeuza mgongo wa kitabu kabla ya kuuliza bei. "Usiulize kinasema nini. Tazama kama kimeshonwa au kimebandikwa tu. Cha kubandikwa kitakuaibisha mbele ya mteja, kitafungua suruali sokoni." Gundi yetu tulipika wenyewe, unga wa ngano na maji yaliyochemshiwa majani ya mwarobaini, ndio mende na panya waone uchungu. Mwaka huo wa mahindi ya manjano ngano haikupatikana, nikajitia ujanja nikapika gundi ya unga wa manjano. Panya wakala mgongo wa kamusi kubwa kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Panya wa Kitui mwaka ule walikuwa wamesoma kunishinda.

Kitabu kinachonuka ukungu, kitie ndani ya debe pamoja na makaa makavu, ufunike, ukisahau kidogo. Makaa yatakunywa harufu yote. Uchafu wa mikono, wa risasi ya penseli, wa masizi, chukua mkate wa jana, nyama yake ya ndani, uukande uwe mpira, usugue taratibu ukielekea ukingoni mwa ukurasa, usirudi nyuma. Mpira unakuwa mweusi, ukurasa unakuwa mweupe. Nilisifika kwa hiyo kazi. Watu walileta Biblia kutoka Kibwezi nizisafishe. Mkononi mwangu alama ya kidole haikukaa, iwe ya mtoto au ya fundi baiskeli. Nawaambia hili mapema, msije mkadhani kuna kitabu nilishindwa kukisafisha.

Jambo moja Kilonzo hakulijua, na mimi sikulijua. Vile vitabu vizito vya wazungu vilikuja na karatasi ya nje inayong'aa. Mimi naiita koti. Sisi tulilivua koti mara moja, tukavika kitabu karatasi ya khaki, kwa sababu mwalimu gani angekubali kitabu bila khaki? Makoti yakaenda kubandikwa ukutani. Nyumba ya mama mkwe wangu ilikuwa na makoti ya vitabu kuanzia mlangoni mpaka kitandani, na kulikuwa na mzungu mmoja mwenye sharubu ambaye watoto walimwamkia kila asubuhi. Miaka baadaye ndipo nikasikia wanaokusanya vitabu huko duniani huona kitabu bila koti ni kama kuku bila manyoya. Sasa utabandua nini? Ile gundi ya mwarobaini niliipika mwenyewe. Haibanduki.

Koti moja tu lilipona.

Mzungu wa mradi wa maji alikuwa anarudi kwao, akauza vitu vya nyumba. Nikanunua vitabu kwa kikapu. Ndani kulikuwa na kimoja chembamba kiasi, kimevikwa khaki juu ya koti lake. Sijui ni yeye aliogopa vumbi au ni yaya wake aliyezoea kuvika vitabu vya watoto. Kilonzo akakigeuza mgongo. "Kimeshonwa. Weka mbele." Akafungua kurasa za kwanza, akasoma yale maandishi madogo ya wapiga chapa, ambayo ndiyo aliyapenda kuliko hadithi. "Na ni chapa ya kwanza hii. Kilipotoka tu." Mimi nikasema aha. Chapa ya kwanza, chapa ya kumi, kwangu ilikuwa chapa.

Kilikuwa kitabu cha Kiingereza cha kueleza jinsi ya kujua umri wa vitu vya kale kwa kupima kaboni. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Mwanzoni niliona tu maneno matatu yaliyoandikwa juu ya ile khaki, Radio, Carbon, Dating, na maneno hayo yaliniletea vituko. Mutisya, fundi wa redio, alikirukia.

"Mama Mueni, nipe hicho. Si nimesoma hapo redio?"

"Umesoma."

"Na kaboni je? Ukipasua betri ya redio ndani kuna kijiti cheusi. Ile si kaboni? Basi hiki ni kitabu cha betri. Nilikuwa nakitafuta."

Akakipekua wima, akakipekua kwa kuinamia. "Lakini mbona hakuna waya? Hata spika moja?" Akakirudisha kama mtu aliyetapeliwa. Kisha akaja binti mpiga taipu wa ofisini, akauliza kama kinafundisha kutumia karatasi za kaboni bila kuchafua blauzi. Na vijana wa sekondari wakalipata lile neno la mwisho, ambalo kumbe kwa Kiingereza pia ni la mambo ya mvulana na msichana, wakawa wanakifungua wakikohoa na kusukumana. Walikuta majedwali ya tarakimu. Sijawahi kuona vijana wakihuzunika hivyo.

Aliyekijua ni mmoja, Mwalimu Muthiani, mume wa mdogo wangu Ndinda. Alifundisha Kitui, shule zikifungwa anapanda kwao vilima vya Mbooni, alikokuwa Ndinda na shamba. Alikikuta kwangu mwaka ule mbaazi zilizaa mpaka tukazichoka. Akasimama akasoma. Siku ya soko iliyofuata akaja tena, akasoma akiwa amesimama vile vile, akiacha unyoya wa kuku alipofikia.

"Mwalimu, si uchukue uende nacho? Wewe ni mtu wa nyumbani."

"Nikienda nacho, Mama Mueni, nitakisoma chote nikimalize. Hapa nakila kidogo kidogo."

Nikamwuliza kinasema nini, hata kama Kilonzo alinikataza kuuliza. Akavua miwani. Akasema kila kitu chenye uhai kinakula kaboni. Mti unakula kwa majani, mbuzi anakula mti, sisi tunakula mbuzi. Sasa kuna aina moja ya kaboni isiyokaa. Ukiwa hai unaila kila siku kwa hivyo haipungui. Siku ukifa umeacha kula, nayo inaanza kupungua mwilini mwako, polepole, kwa mwendo ule ule, haikimbii wala hailali. Mtu akipima iliyobaki kwenye mfupa au kwenye ukuni uliochomwa, anajua uliacha kula lini, hata kama ni kabla ya babu ya babu.

"Basi hicho ni kitabu cha Wakamba," nikamwambia. "Sisi tunahesabu miaka kwa tulichokula. Hicho kinahesabu kuanzia tulipoacha."

Alicheka mpaka miwani ikamponyoka mkononi, ikaanguka ndani ya kikapu cha vitabu vya hesabu vya darasa la sita.

Lakini kitu chenyewe hakikuwa cha kucheka, kwake. Alipokuwa mtoto wa shule, mwalimu wake alisimama mbele akasema vile vilima havikuwa na watu, vilikuwa na fisi tu, watu wamefika juzi. Muthiani akainua mkono akasema babu yake amemwambia moto umekuwa ukiwaka pale tangu hapo, hauna mwanzo. Alichapwa kwa ubishi. Wengine wakichapwa wanasahau. Yeye alibeba hilo swali mpaka akaota mvi nalo, moto wetu wa kwanza pale uliwashwa lini? Hakutaka kushinda mtu. Alitaka kujua tu, na aliyemchapa alishakufa.

Basi likizo moja alikuwa akichimba mtaro wa fanya juu kuzuia udongo usiteremke. Alipokwenda chini kuliko urefu wa mkono, jembe likagonga jiwe. Akalizunguka akapata la pili, na la tatu. Mafiga. Yamekaa vile mwanamke aliyaweka, yameangaliana, na chini yake makaa.

Shule zilipofunguliwa alikuja kwangu moja kwa moja kutoka barabarani, mzigo bado begani. Amebeba vipande viwili vitatu ndani ya leso. Akavinyakua akanionyesha, akavirudisha, akachukua kitabu, akafungua kwa unyoya, akaanza kutafuta.

"Mwalimu! Osha mikono! Unachafua mali!"

Hakusikia. Alikuwa anasoma midomo ikitembea. Ghafla akasimama wima. "Woi."

"Nini?"

"Kinasema makaa yakipatikana yasiguswe kwa mkono. Wala yasitiwe ndani ya kitambaa."

Tukatazama ukurasa. Juu ya hayo maneno ya kukataza, vidole vyake vitano, vyeusi kama mhuri wa chifu. Nikamwambia sasa kitabu kimekuonya na wewe umekitia sahihi. Tulicheka sana siku hiyo. Nikasema nitakisafisha nikipata mkate wa jana.

Wikendi alipanda tena Mbooni. Vile vipande vya leso akavitupa. Akachemsha kopo la mafuta ya kupikia na kifuniko chake, akatoa makaa yote yaliyobaki kwa ncha ya kisu kisafi, akajaza kopo, akaliweka juu ya dari ya jikoni, karibu na mbegu, mahali pakavu kuliko pote katika nyumba ya Mkamba. Alikuwa amekutana na daktari mmoja wa Nairobi, si wa sindano, wa kuchimba vitu vya kale. Daktari huyo akamwahidi: nikipita huko nitalichukua, nilipeleke ng'ambo likapimwe. Muthiani akamwambia mkewe usiguse kopo hilo. Hakusema kwa nini. Alikuwa mtu wa kueleza darasa zima, akifika nyumbani ameishiwa na maneno.

Kisha mvua ikakosa. Ikakosa tena. Daktari hakupita, nani alikuwa anapita? Ng'ombe wanalala barabarani hawaamki. Tukaingia katika mwaka ule nilioanza nao.

Mwishoni mwake mvua ilirudi, na ikarudi kwa hasira. Njaa ilikuwa bado, maana mvua si chakula. Nilikuwa nimepata mgao wa mahindi ya manjano Kitui, nikambebea mdogo wangu Mbooni. Nikafika nimelowa mpaka kwenye mifupa, njia zimekuwa mito. Ndinda alikuwa jikoni anapuliza jiko, macho mekundu. Kuni zimelowa. Makaa aliyokuwa nayo gunia lilivuja, yanatoa moshi tu, yanalia. Mahindi yameloweka tangu jana, maharagwe kiganja kimoja.

"Dada, huu moto umekataa," akasema. "Na Mwalimu yuko likizo, ameenda mkutano wa wazazi wa hapa, atakuja na njaa ya kuongea."

Akatazama juu. Akatazama juu tena.

"Kuna makaa makavu pale. Yake. Ameyaweka miaka, sijui anangoja Krismasi gani."

Mimi nilijua habari ya makaa ya mafiga. Lakini akilini mwangu yalikuwa yamekwenda zamani, yako ng'ambo kwa wazungu yanapimwa. Mwalimu aliacha kuyataja, nikaona ameyatuma. Kopo lile halikunisemesha kitu. Makaa ni makaa. Ndinda akapanda juu ya kiti, akalishusha, akamimina. Akagonga kitako cha kopo, hata vumbi lisibaki, kama alivyotufundisha mama yetu kugonga kibuyu. Kipande kimoja kikaanguka kando ya jiko, kidogo hivi, kama punje ya mtama. Mwaka ule hakuna aliyeacha kitu chini. Nikakiokota nikakitupia ndani.

Na yakashika! Niliyasifu. Nilimwambia, "Haya makaa ni ya mti gani? Hayana hata moshi." Yaliwasha yale mabichi, jiko likawa jekundu, sufuria ikaanza kuongea.

Mwalimu alikuja jioni ikiingia. Akanawa, akapewa sahani. Akala. Akasema, "Leo yameiva. Leo, kwa kweli, mahindi haya yamekubali kushindwa." Ndinda akafurahi, maana mumewe hakuwa mtu wa kusifu. Akaongezewa. Mdomo ukiwa umejaa akainua macho juu, mahali pa mbegu.

"Kopo langu liko wapi?"

"Lile la makaa? Si ndilo limekupikia."

Alitafuna kilichokuwa mdomoni. Alikitafuna muda, akakimeza.

"Yote?"

"Yote. Yalikuwa mazuri ajabu."

Akaweka sahani chini, pole pole, kama kitu kinachoweza kuvunjika, na ilikuwa ya bati.

"Basi nimekula jibu," akasema.

Ndinda alicheka akidhani ni mzaha wa walimu. Mimi ndiye niliyeelewa. Alipoelezwa, mdogo wangu hakulia kwanza. Alikasirika.

"Ungeniambia! Uliniambia nini mimi? Usiguse! Kalamu usiguse, saa usiguse, redio usiguse, kopo usiguse! Ningejua vipi usiguse hii ni tofauti? Mimi naona makaa, nina sufuria, nina mume anakuja na njaa!"

"Ni kweli," Mwalimu akasema.

"Nipige basi! Fokea! Fanya kitu!"

"Ni kweli, Ndinda. Sikukuambia."

Hapo ndipo Ndinda akalia. Asubuhi tuliteremka sote na majembe kwenye mtaro, labda kumebaki. Mvua ile ile iliyolowesha gunia la Ndinda ilikuwa imevunja mtaro wote. Mafiga yameteremka bondeni na udongo, hujui jiwe lipi ni figa na lipi ni jiwe tu. Mwalimu aliokota moja akaliangalia, akalirudisha chini. Hatukupata hata doa.

Barabara zilipokauka, Daktari akaja. Ndiyo, alikuja, na kijisanduku chake kizuri cha kubebea kopo. Alipita Kitui kwanza, Mwalimu akamleta kibandani kwangu kwa sababu hakujua amweleze akiwa wapi. Alimweleza akiwa amesimama pale alipozoea kusoma. Daktari hakumlaumu. Alikuwa mtu mwema, nisimsingizie. Alishika kichwa, akasema pole, akasema hutokea. Halafu, mtu akiwa na aibu macho yake hutangatanga, yakatua kwenye rafu.

"Mama, hiki umekipata wapi?" Akakitoa, akakifungua kurasa za kwanza kama Kilonzo. Akafunua khaki, akaona koti. Sauti yake ikabadilika. "Chapa ya kwanza. Na koti lake! Mimi nina cha baadaye, kimechakaa. Hiki natafuta miaka na miaka." Akaendelea kufungua, akafika penye unyoya. "Ah. Ni hizi alama tu. Lakini nasikia wewe ni bingwa wa kusafisha. Kisafishe, Mama, halafu nitajie chochote unachotaka."

Ilikuwa heshima kubwa hiyo, kusifiwa na mtu wa Nairobi. Na mkate wa jana ulikuwepo, nilikuwa nao hapo ndani ya karatasi. Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa anatazama ule ukurasa na vidole vyake mwenyewe juu yake. Vile vilikuwa makaa yote yaliyobaki ya kile kilima, duniani kote.

Nikasema, "Hiki sikisafishi wala sikiuzi. Kirudishe ulipokitoa."

Daktari akakirudisha.

Nilidhani Mwalimu angeendelea kukisoma. Hakukishika tena. Alikuja siku za soko, akaniamkia, akauliza watoto, akanunua kalamu. Unyoya ukabaki ulipokuwa. Hakuwahi kumkumbusha Ndinda lile jambo, hata kwa hasira, na Ndinda aliniambia afadhali angemkumbusha. Aliendelea kufundisha historia kutoka kitabu kilichosema watu walifika lini, akawaambia watoto waandike hivyo wapite mtihani. Alifariki kabla ya kustaafu, kifua. Alizikwa pale pale kilimani, juu kidogo ya mtaro.

Ndinda akaja kukaa nami Kitui. Nikamfundisha kushona. Ana mkono mzuri kunishinda, hata Kilonzo angenyamaza.

Sasa mwaka chipsi zilipofika kila kona, tumekaa kibandani, yeye na sindano yake, mimi na mkate wangu, mtu akasimama mlangoni na fimbo. Nikachelewa kumtambua. Daktari, amekuwa mzee. Akatupa pole ya Mwalimu, akakaa juu ya sanduku, akakubali chai. Akaanza kusimulia habari za kazi yake kama mtu anayeleta zawadi.

"Mambo yamebadilika sana, Mama. Zamani tulihitaji makaa ya kujaza viganja, tunayateketeza yote ndio tupate jibu. Siku hizi kuna mashine nyingine. Kipande kidogo tu kinatosha."

"Kidogo namna gani?" Ndinda akauliza. Hakuinua uso.

"Kidogo mno. Hata kama punje ya mtama."

Sindano ilisimama. Mimi nilitazama vidole vyangu hivi viwili, vilivyookota, vikatupia ndani. Wajukuu zangu, mmenisikia nikijivunia mikono yangu tangu mwanzo wa maandishi haya. Siku hiyo nilitamani iwe ya mtu mwingine.

Daktari hakujua amesema nini. Angejuaje? Ndinda akauliza tena, polepole, "Na yale ya kitabuni je? Yale ya kwenye karatasi?"

Mzee wa watu akasimama upesi, fimbo akaisahau. Alijua rafu ipi. Akakitoa kitabu, akafungua penye unyoya, akatoa lenzi mfukoni. Tulishika pumzi, mimi na mdogo wangu, kama wasichana wanaosubiri kusomewa matokeo. Alitazama kidole kimoja kimoja. Akapeleka ukurasa mwangani. Akatafuta hata kwenye bonde la katikati, mahali kurasa zinashonwa, labda kuna chembe.

"Hapana," akasema. "Hakuna chembe. Hii ni rangi tu, imeingia ndani ya karatasi. Imechanganyika na jasho la mkono, na mafuta ya ngozi. Ukipima hii hupati umri wa moto."

"Unapata nini?"

"Unapata kaboni ya karatasi. Na ya huyo aliyeshika."

Ndinda akaweka sindano kwenye nta, akainuka, akasema anakwenda kuangalia maharagwe. Hakukuwa na maharagwe motoni.

Tukabaki wawili. Daktari alifunga kitabu, lakini hakukirudisha. Akalipangusa koti kwa kiganja, kwa upendo, na najua mapenzi ya kitabu nikiyaona.

"Mama, sasa basi, niuzie. Nina kabati la kioo, panya hafiki. Na hizi alama nitazitoa mwenyewe taratibu kwa mkate, kama unavyofanya. Kitakuwa kama kilivyotoka chapani. Kinastahili."

Alisema vizuri. Hakuna neno baya alilolisema. Na kibanda changu kinavuja, mnakijua.

"Hiki sikisafishi wala sikiuzi. Kirudishe ulipokitoa."